Mtoto Anapocheza: Historia ya Miezi ya Katikati

Vitabu vya historia usomavyo darasani, mwanafunzi mpenzi, vimejaa wafalme, vita, mikataba na safari za baharini. Sivilaumu vitabu hivyo, maana mimi mwenyewe ni mwalimu wa somo hilo na mshahara wangu watoka humo. Lakini kila mfalme atajwaye katika kurasa zile, na kila askari aliyekufa kwa ajili yake, alichukuliwa na mwanamke kwa muda wa miezi 9 kabla ya jina lake kujulikana na mtu yeyote. Muda huo nao una historia yake. Miezi ya mwanzo ni miezi ya shaka na kichefuchefu. Miezi ya mwisho ni ya uzito na ya kuhesabu siku. Baina yake, tangu mwezi wa 4 hata kwisha wa 6, iko miezi ya katikati, ambayo wengi huidhani kuwa miezi mitupu isiyo na habari. Nataka twende pamoja tuitazame, uone jinsi ilivyowashughulisha mahakimu, waganga na mafundi wa mitambo.

Tuanze na maneno, kwani maneno ni ushahidi wa kale kuliko hati. Lugha yetu ina haya katika jambo hili. Humwita mwanamke wa namna hiyo mjamzito, yaani mja aliye mzito. Nayo husema kuwa amechukua mimba, kana kwamba amekabidhiwa amana ya mtu. Na lile tukio kubwa la miezi ya katikati, wakati mama anapohisi kwa mara ya kwanza kitu kikimgusa kwa ndani, twaliita mchezo: mtoto anacheza. Waingereza wa zamani hawakuona mchezo katika jambo hilo. Wao walitumia neno lililokuwa na maana ya kuwa hai, wakasema kuwa mwanamke ana mtoto aliye hai. Tofauti ya maneno haya mawili yaweza kuonekana ndogo kwako sasa, lakini ilifika wakati ikawa tofauti ya kamba ya kunyongea na uzima.

Mtoto huanza kujinyosha na kujikunja mapema sana, lakini ni mdogo mno hata mama hasikii lolote. Mwanamke aliye na mimba ya kwanza huanza kuhisi mchezo kati ya wiki ya 18 na ya 20. Aliyekwisha kuzaa hutambua mapema zaidi, pengine wiki ya 16, kwa sababu ameshajua aitafute dalili gani. Wengine hufananisha hisia hiyo na kipepeo, wengine na kiputo cha maji. Wiki ya 20 mji wa mimba huwa umepanda hata kufika kitovuni, na mtoto ana uzito wa gramu 300 hivi, kama maembe mawili madogo. Kwa maelfu ya miaka mchezo huo ndio uliokuwa ushahidi wa pekee wa kutumainiwa, na shahidi alikuwa mmoja tu, naye ni mama mwenyewe. Hapakuwa na mganga, mume, kadhi wala mfalme aliyeweza kujua jambo hili ila kwa kumwuliza yeye.

Basi fikiri, msomaji wangu, ni taabu gani iliyowapata watu wa sheria. Katika Uingereza, mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa aliweza kusema mbele ya hakimu kuwa ana mimba. Hapo kesi iliwekwa kando, na baraza la wanawake wazima 12 likaapishwa na kupewa kazi ya kumpima faraghani. Hawakuulizwa kama ana mimba tu. Waliulizwa kama mtoto yu hai, yaani kama amekwisha kuanza kucheza. Wakisema ndiyo, kunyongwa kuliahirishwa hata ajifungue. Wakisema la, hukumu ilitimizwa. Hivyo mwanamke mwenye mimba ya miezi 3 na mwenye mimba ya miezi 5, wenye kosa moja na hukumu moja, waliweza kuachana mlangoni pa mahakama, mmoja akaenda gerezani na mwenzake akaenda kwenye mti. Yafaa kukumbuka pia kuwa katika zama ambazo wanawake hawakuruhusiwa kuketi katika baraza jingine lolote la mahakama, hili walikalia peke yao, kwa kuwa wanaume walikiri kutojua.

Kisa kinachojulikana sana cha namna hii kilitokea kisiwani Jamaica. Mwezi wa Novemba mwaka 1720 nahodha wa maharamia aliyeitwa Jack Rackham alinyongwa huko. Siku chache baadaye, tarehe 28 ya mwezi huohuo, walishtakiwa wanawake wawili waliokuwa katika chombo chake, Anne Bonny na Mary Read. Mashahidi walieleza kuwa wanawake hao walibeba silaha na kutukana kama mabaharia wenzao. Wakahukumiwa kunyongwa. Baada ya kusomewa hukumu, kila mmoja akasema kuwa ana mimba, na mahakama ikaamuru hukumu isimame hata wapimwe. Mary Read hakupanda kwenye mti wa kunyongea; alifia gerezani mwaka uliofuata. Mimi husoma kisa hicho nikiwaza zile siku walizokaa chumbani pa giza, kila mmoja ameweka kiganja tumboni, akingoja.

Desturi hiyo ya baraza la wanawake ilikomeshwa Uingereza mwaka 1931, na tangu hapo mwenye mimba hakuhukumiwa kufa kabisa. Usidhani kuwa habari hizi ni za mbali. Fungua Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 211, utaona mfano uleule: mwanamke aliyetiwa hatiani kwa kosa la kunyongwa, akithibitika kuwa ana mimba, hahukumiwi kufa bali hufungwa maisha. Mchezo wa mtoto hauulizwi tena.

Sasa tutoke mahakamani tuingie hospitalini. Mwaka 1816 mganga mmoja wa Paris, René Laennec, alitaka kusikiliza moyo wa msichana mnene. Kumwekea sikio kifuani aliona haya. Akachukua karatasi, akazikunja kama bomba, akaweka ncha moja kifuani pa mgonjwa na ya pili sikioni mwake. Akastaajabu kusikia moyo vizuri kuliko alivyopata kuusikia. Ndiyo asili ya kipimo ambacho waganga wote hukitundika shingoni. Haya ya mtu mmoja iliwafaa wagonjwa wote waliokuja baada yake.

Laennec hakufikiri kukiweka kipimo chake tumboni pa mjamzito. Mwaka 1818 daktari wa Geneva, François Mayor, alikuwa ameeleza kuwa moyo wa mtoto wasikika kwa kutega sikio tumboni, lakini habari yake haikuenea. Kisha akaja mwenziwe Laennec, Le Jumeau de Kergaradec. Yeye alitaka kusikia kitu kingine kabisa: alidhani kuwa mtoto anapojigeuza, maji ya uzazi yatasikika yakichapuka kama maji ya mtungi. Akatega sikio asisikie maji. Badala yake akasikia mlio wa haraka haraka kama wa saa ya mfukoni, mwepesi kuliko mapigo ya mama kwa mbali. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 au 80 kwa dakika, na wa mtoto tumboni kati ya mara 110 na 160. Kwa hiyo hakuweza kuuchanganya mmoja na mwingine. Mwezi wa Desemba mwaka 1821 aliwasomea wanachuoni wa Paris habari hiyo. Tangu siku ile mama hakuwa tena shahidi wa pekee.

Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard, alitengeneza mwaka 1895 pembe fupi ya kusikilizia moyo wa mtoto, pana upande mmoja na bapa upande wa pili. Pembe hiyo hata leo ipo katika zahanati zetu nyingi, ya mti, ya bati au ya plastiki. Haihitaji umeme wala betri, nayo haiharibiki ikianguka. Pinard huyohuyo aliwapima watoto wachanga mizani, akaona kuwa watoto wa akina mama maskini waliopata kupumzika kabla ya kujifungua walikuwa wazito kuliko wa wale waliofanya kazi hata siku ya mwisho. Hoja za watu wa namna yake zilizaa sheria ya Ufaransa ya mwaka 1913 ya mapumziko ya uzazi yenye malipo. Mwaka 1919 Shirika la Kazi la Kimataifa likapitisha mkataba wa mapumziko ya wiki 12. Nasi, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, tukapata miezi 3 yenye mshahara kamili. Walimu wa kike wasiojua jina la Pinard wana deni kwake.

Habari ya kumwona mtoto kwa mawimbi ya sauti nitaipitia mbio, kwa kuwa wengi wenu mmeziona picha zake. Ila jambo moja lanipendeza. Ian Donald, profesa wa Glasgow, hakuanzia hospitalini. Mwaka 1955 alichukua uvimbe uliokatwa katika miili ya wagonjwa, akautia ndani ya gari, akaupeleka katika kiwanda cha matangi ya mvuke mjini Renfrew, ambako mafundi walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akaona kuwa chombo kitambuacho ufa chaweza kutambua pia nyama na maji. Yeye, John MacVicar na fundi Tom Brown walitangaza kazi yao mwezi wa Juni mwaka 1958. Siku hizi picha ya namna hiyo hupigwa hasa kabla ya wiki ya 24, wakati wa miezi hiihii ya katikati, kwa sababu viungo vimekwisha kufanyika na nafasi bado ipo ya kuviona.

Lakini mtu ambaye ningependa umkumbuke kuliko wote hao ni mwanamke, tena hakubuni chombo chochote. Jina lake Lucy Wills, daktari Mwingereza. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, mji ambao majahazi ya pwani yetu yaliujua tangu zamani, kuchunguza ugonjwa uliowaua wanawake waliofanya kazi katika viwanda vya nguo. Wanawake hao walipokuwa na mimba damu yao ilipungua, wakapauka, wakaishiwa na pumzi kwa kupanda ngazi tu. Wills hakuutafuta wadudu peke yake. Alikwenda pia kuuliza wanakula nini. Akaona kuwa walioumia zaidi ni wale ambao chakula chao kilikuwa haba cha matunda na mboga mbichi. Akawajaribu wanyama, na katika majaribio hayo alimlisha nyani mgonjwa Marmite, ile rojo nyeusi yenye chumvi itengenezwayo kwa hamira, ambayo Waingereza hupaka mkateni. Nyani akapona. Akawapa wanawake, nao wakapata nafuu. Akaandika habari hizo mwaka 1931, akisema kwamba ndani ya rojo ile mna kitu kinachotengeneza damu, ingawa hakuweza kukitaja.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1941, wataalamu wa Marekani walikitoa kitu hicho katika tani 4 za spinachi, mboga ya ukoo mmoja na mchicha wetu. Kwa kuwa walikipata katika majani, wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini la jani: asidi ya foliki. Damu ya mjamzito huongezeka karibu kwa nusu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hufanyika tangu miezi ya katikati. Mwili huhitaji chuma na foliki kwa ajili ya kazi hiyo kama vile fundi ahitajivyo saruji na maji. Vikikosekana, nyumba haisimami.

Nami nina sababu ya kulijua jambo hili. Nilipochukua mimba yangu ya kwanza nilikuwa na cheti cha chuo cha ualimu na miaka kadhaa ya kusomesha. Hata hivyo nilikwenda kliniki mwezi wa 6 ukikaribia kwisha. Nyumbani nilikoolewa, mimba haitangazwi, wala kitu cha mtoto hakinunuliwi kabla mtoto hajalia. Nami nilidhani kuwa kunyamaza huko ni pamoja na kumnyamazia muuguzi. Tena, nikubali kweli, nilijiona mzima. Uchovu niliusingizia madaftari ya kusahihisha.

Muuguzi mmoja mtu mzima alinishusha ukope wa chini, akanitazama viganja, akanitoa damu kidoleni.

“Mwalimu, damu yako ni chache sana. Ulikuwa wapi miezi yote hii?”

“Nilikuwa nikifundisha, mama.”

“Na wewe, nani alikuwa akikufundisha?”

Sikuwa na jibu. Akanipa vidonge vya chuma na foliki, akaniandikia mboga za majani kama mtu aandikaye dawa, akaniamuru nirudi baada ya wiki 2. Kisha akatoa ile pembe ya Pinard, akainama, akafumba macho. Chumba kizima kilinyamaza, hata wale waliokuwa kwenye benchi nje walionekana kushusha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kwa mara ya kwanza. Alipoinua uso alisema neno moja tu: “Yupo.”

Mpango wa kumtazama mama kabla ya kujifungua nao una umri wake. John William Ballantyne alipata kitanda cha wajawazito katika hospitali ya Edinburgh mwaka 1901, wakati ambapo watu hawakuona haja ya kumlaza mwanamke asiye na uchungu. Mwaka 1929 serikali ya Uingereza ikatoa ratiba: aje wiki ya 16, kisha ya 24, kisha ya 28, halafu kila wiki 2 na mwisho kila wiki. Ratiba hiyo ilisambaa ulimwenguni. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1926. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri kuonana mara 8, mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kupita, na mara 2 katika wiki ya 20 na ya 26.

Kwetu kuna sababu moja zaidi ambayo Edinburgh haikuwa nayo, nayo ni malaria. Vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, ambamo damu ya mama humpatia mtoto chakula. Mama aweza asihisi homa, na mtoto akazaliwa mdogo na dhaifu. Tangu mwaka 1998 Kenya imekuwa na mpango wa kuwapa wajawazito wa sehemu zenye malaria nyingi, kama Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, vidonge vya kinga hata kama hawaugui. Navyo havitolewi katika miezi 3 ya kwanza. Huanza mwezi wa 4, kisha hurudiwa kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi. Anayefika kliniki mwezi wa 8 hupoteza dozi ambazo haziwezi kulipwa.

Watu wa Finland walilitatua tatizo la kuchelewa kwa werevu mkubwa. Katika miaka ya 1930 nchi ile ilikuwa maskini, na katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 65 hivi walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuwapa akina mama wenye kipato kidogo msaada wa uzazi, na tangu 1949 ukawa wa mama yeyote, tajiri au maskini. Wengi waliupokea kama sanduku la karatasi ngumu, ndani yake mkiwa na shuka na vitambaa, ambavyo mama alivishona mwenyewe kuwa nguo za mtoto. Wakati wa vita kuu vitambaa vilihitajiwa na jeshi, basi baadhi ya matandiko yakatengenezwa kwa karatasi. Mtoto alipozaliwa, sanduku lenyewe likawa kitanda chake. Lakini sharti lilikuwa moja: mama sharti apimwe na daktari au kliniki kabla ya mwezi wa 4 kwisha. Hawakuhubiriwa wala kutishwa. Walionyeshwa sanduku. Leo vifo vya watoto wachanga nchini humo ni takriban 2 katika 1,000. Sisemi kuwa sanduku peke yake ndilo lililofanya hivyo, kwani wakunga, maziwa na shule navyo vilifanya kazi yao, ila sanduku ndilo lililowafikisha akina mama mlangoni pa mkunga mapema.

Wako watakaosema kuwa mambo hayo ni kinyume cha desturi zetu za kutoandaa kitu kabla ya wakati. Mimi pia nilisema hivyo. Mama mkwe wangu ndiye aliyenikataza kununua hata kofia, nami nikatii hata nikaenda kujifungua mikono mitupu, moyoni nikinung’unika kuwa mwanangu atapokelewa kama mgeni asiyetazamiwa. Niliporudi nyumbani nimempakata, mama mkwe aliinama, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na kanga kuukuu 6, zimefuliwa na kuanikwa mara nyingi hata zikawa laini kama pamba, zimekatwa vipande vya kumvika mtoto na kupindwa ukingo kwa mkono. Na juu yake mbeleko mpya.

“Mama, umeanza lini kazi hii?” nikamwuliza.

“Alipoanza kucheza, mwanangu.”

“Nani alikwambia? Mimi sikumwambia mtu.”

“Ulikuwa ukichambua mchele uani,” akasema, “mara ukasimamisha mkono, ukatazama mbele kama unayeitwa. Nikaingia ndani kutafuta mkasi.”